Anayegonga Saa Saba Mchana

Temeke Mikoroshini,
Dar es Salaam
10 Novemba 1974

Kaka Albano,

Shikamoo. Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia Fransis mpaka wale kuku wawili tuliobakiza. Sie huku tupo. Shemeji yako bado yuko bandarini, na zamu zake zinabadilika kila wiki. Watoto wameshauzoea unga wa njano wa msaada, huu ambao watu wanauita Yanga. Mie bado unanikaa kooni. Jumamosi nilipanga foleni ya sukari tangu alfajiri nikarudi na nusu kilo, na nikashukuru.

Macho ya Mama yamepona kabisa. Tangu wamtoe mtoto wa jicho mwezi wa sita anaona hadi tundu la sindano. Tungekuwa tumeshamrudisha nyumbani, lakini uliandika tusubiri mpaka kijiji kipya kitulie, nasi tukasubiri.

Sasa kuna jambo. Tangu katikati ya mwezi wa tisa, kila ikifika saa saba mchana, Mama anaacha chochote alichoshika, anageuza kichwa, anasema, "Kuna mtu anagonga." Mwanzoni nilikuwa naenda kufungua. Nje hamna mtu. Unajua uani kwetu wakati huo kulivyo: jua linawaka, majirani wamelala, hata jani halitikisiki. Siku ya nne nikamwambia, Mama, hakuna mtu mlangoni. Akanitazama kama mie ndiye niliyechanganyikiwa. "Si mlango huu," akasema.

Nilimwuliza ni nani basi anayegonga. Akasema ni dada yake, Mauwa.

Pale kituo cha afya ninapofanya kazi, mganga wetu Bwana Gaudens ameniambia huo ni uzee tu, nisihangaike. Huenda. Lakini nataka kujua: Mama Mkubwa Mauwa hajambo? Miguu yake je? Aliiwezaje safari ya kutoka Nambunda kwenda huko mlikohamia?

Msalimie wifi na watoto.

Mdogo wako,
Yustina


Kijiji cha Mshikamano
2 Desemba 1974

Mdogo wangu Yustina,

Marahaba. Barua yako ilifika ikiwa imelowa, nikaianika juani ndipo nikaisoma. Huku tunamshukuru Mungu. Wifi yako ana mimba ya miezi minne. Kinyago kile cha mpingo nilichokuwa nachonga, cha mama na watoto, kilichukuliwa na chama cha ushirika kwa maonyesho, nami nimepewa cheti.

Kijiji kinasonga mbele. Nyumba ziko kwenye mistari kama mashamba ya mkonge. Shule ina madarasa mawili, na tumeahidiwa zahanati. Mimi ni balozi wa nyumba kumi zilezile za Nambunda, na tulipohesabiwa baada ya kuhama zangu ndizo zilizokuwa za kwanza kutimia. Katibu alinitaja jina langu mbele ya watu wote.

Mvua bado. Tumepanda mihogo kando ya mto kwa tahadhari.

Kuhusu Mama, mpeni vidonge vya usingizi vile alivyopewa wakati wa macho. Apumzike mchana. Na msimhojihoji. Mzee aliyechanganyikiwa ukimwuliza maneno unamzidishia.

Shemeji Fransis mpe mkono.

Kaka yako,
Albano


Temeke
19 Januari 1975

Kaka Albano,

Shikamoo, na hongera ya wifi. Mwambie asibebe maji ya mbali. Huku mtoto wangu wa pili ameanza shule na anakataa kuvua sare hata akilala.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umesahau kunijibu kuhusu Mama Mkubwa.

Nilifuata ushauri wako wa vidonge, kaka, na ulitaka kunitia msibani. Baada ya wiki moja Mama hakujua mchana na usiku. Aliniita mie mama yake. Alianguka uani akachubuka shavu. Bwana Gaudens akaandika barua ya kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, akaisaini mbele yangu. Nilimwomba wiki mbili. Akasema, "Muuguzi, mama yako ni mzee. Uzee hauna dawa." Nikamwambia sitafuti dawa ya uzee, nataka kujua ni dawa zipi anazokunywa.

Jioni ile nilifungua pembe ya khanga ya Mama. Nilikuta vidonge vya aina saba. Vya presha, vya usingizi, vya kukojoa, vya mafua alivyonunuliwa dukani na jirani mwema, na vingine havina hata karatasi. Kila aliyemwona alimwongezea chake, na hakuna aliyewahi kumpunguzia. Nilivimwaga juu ya meza ya Bwana Gaudens. Akaanza kuvitenga kwa kidole. Tulibaki na aina mbili.

Siku ya tisa Mama aliamka akaniuliza kwa nini pazia limefuliwa bila buluu ya kung'arisha. Nikajua amerudi.

Tangu hapo nimeanza jambo pale kituoni. Wazee wetu walikuwa wanakaa kwenye benchi tangu saa kumi na mbili, wanaitwa kwa namba wasizozisikia, na wanaopita mbele ni wenye nguvu ya miguu. Sasa Alhamisi ni yao. Wanakuja na dawa zao zote ndani ya kitambaa. Ninakaa karibu nao, upande wa sikio linalosikia, na kabla sijauliza kinachouma nauliza, "Mzee wangu, kitu gani unakitaka zaidi?" Wauguzi wenzangu wa zamu walicheka. Walicheka mpaka siku ya Mzee Didas. Huyu alikuwa amefungwa kwa bendeji kwenye kitanda wiki tatu, eti asianguke. Nilipomwuliza anataka nini, alisema, "Nataka kwenda kukojoa mwenyewe, nimesimama." Hakuna kingine. Tulimfungua. Siku ya kwanza tulimshika watu wawili hadi mlangoni. Sasa anafika kwenye uzio na kurudi, na anawagombeza wenzake wanaojikokota.

Mama naye anakuja Alhamisi. Anajua siku, anajua mwezi, anajua bei ya nazi. Akili yake ni safi kuliko yangu.

Lakini saa saba mchana, kaka, bado anasikia anagongewa. Basi si vidonge.

Niandikie habari za Mama Mkubwa.

Yustina


Mshikamano
20 Februari 1975

Mdogo wangu,

Sie wazima. Mvua imeanza, tena kwa fujo. Nyumba mbili za mstari wa chini zimeingia maji. Wifi yako anawasalimu.

Nafurahi kusikia Mama ana nafuu. Kazi yako hiyo ya wazee ni nzuri, lakini angalia usije ukaonekana unawafundisha kazi wakubwa zako.

Wazee wote wa nyumba zangu kumi walihamishwa kwa utaratibu. Mama Mkubwa hana shida yoyote. Yuko salama pale alipo.

Barabara ya kusini itafungwa karibuni, usishangae barua zikichelewa.

Albano


Temeke
16 Machi 1975

Kaka,

Shikamoo. Watoto wazima. Fransis alibanwa mkono na kreni, si sana, kidole kimoja. Amerudi kazini.

Wiki iliyopita tulipata mgeni, Fakihi, jirani yenu, yule mwenye cherehani. Alikuja kutibiwa tezi la shingo, akalala kwetu siku mbili. Alipofika tu alitoa kwenye mfuko kikopo cha ugoro, akasema, "Huu wa Bi Mauwa. Yuko wapi nimsalimie?"

Nilikuwa nimeshika birika. Sikulidondosha, lakini sikujua nalishikaje.

Fakihi akaendelea kwamba balozi aliwaambia, kesho yake baada ya kuhama, kuwa Bi Mauwa mmemleta huku Dar akae na mdogo wake. Kwamba kijiji kizima kinajua. Kwamba watu wanaulizana mjini anakula nini, na wanamcheka kwamba sasa atavaa viatu.

Nikamwambia yuko kwa ndugu za Fransis mpaka mwisho wa mwezi. Uongo huo niliusema kwa ajili yako, kaka, kabla sijajua ni wa nini.

Mama alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Aliupokea ugoro ule, akaunusa, akanipa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumza juu ya jirani, "Uweke. Dada hawezi kuutumia. Kamba iko kwa nje."

Fakihi alidhani Mama anachanganya. Mie sikudhani.

Alipoondoka nilimketisha Mama kama ninavyowaketisha wazee wa Alhamisi. Nilimpima homa, haikuwapo. Nilimwuliza siku, akaijua. Nilimwuliza amekula nini asubuhi, akaniambia muhogo na chai bila sukari, na kweli. Ndipo nikamwuliza, "Mama, kitu gani unakitaka zaidi?"

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema. "Nataka mlango ufunguliwe. Dada ametoka kitandani. Amekaa nyuma ya mlango, juu ya kinu alichokilaza. Anagonga kwa mchi. Kamba ya katani imefungwa kwa nje, na fundo lile ni la Albano. Mimi ndiye niliyemfundisha, la kufungia matita ya kuni."

Mama aliondoka Nambunda mwezi wa sita, kaka. Nyie mmehama mwezi wa tisa. Hakuna mtu aliyemsimulia kitu.

Sikuandikii kama polisi. Nakuuliza tu: mlango gani?

Yustina


Temeke
25 Mei 1975

Kaka Albano,

Najua masika yamekata barabara. Najua pia gari la posta limepita mara mbili tangu Pasaka, kwa kuwa wenye ndugu Masasi wamepata barua zao.

Wifi amejifungua? Niambie hata hilo.

Huku mambo si mazuri. Mama sasa anamjibu. Ikifika saa saba anainuka, anakwenda kwenye ukuta wa upande wa kusini, anagonga mara tatu kwa konzi ya mkono. Nikimwuliza anasema, "Ili ajue nipo." Mpangaji wa chumba cha mbele amehama. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba Jumatatu Mama alipogonga, yeye alikuwa ameegemea ukuta uleule kwa ndani, akasikia mgongoni mwake unajibiwa. Kodi yake ya mwezi mzima hakuidai.

Na tangu wiki mbili Mama hali. Hana homa, hana kidonda mdomoni, tumbo lake laini. Anasema dada yake hajala, naye hatakula peke yake. Tunamnywesha uji kwa kumlazimisha, nami nimeapa kutolazimisha wazee. Bwana Gaudens ameitoa tena ile barua yake. Ameiweka juu ya meza.

Kaka, mama yetu anakufa kwa kitu unachokijua.

Y.


Mshikamano
8 Juni 1975

Yustina,

Mtoto ni wa kike. Amezaliwa tarehe nne Mei. Mama yake anataka aitwe Mauwa, nami kila siku natafuta sababu.

Barua zako zote nilizipata. Hakuna iliyopotea.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Septemba. Lori lilikuwa moja kwa vijiji vitatu. Mama Mkubwa unajua miguu yake, tangu mwaka juzi alikuwa anatambaa hadi mlangoni na kurudi. Nilimbeba mgongoni nikamleta hadi barabarani. Lori lilikuwa limejaa, watu wamesimama juu ya mabati na mbuzi. Dereva akasema huyu atakanyagwa. Ni kweli, angekanyagwa. Mama Mkubwa mwenyewe akasema, "Nirudishe, mwanangu. Utanifuata kesho na machela." Nikamrudisha. Nilimwachia mtungi wa maji, sufuria ya muhogo wa kuchemsha na mchi karibu na mkono. Fisi walikuwa wengi mwaka ule wa njaa, na mlango hauna komeo. Nikaufunga kwa nje kwa kamba. Alinishukuru, Yustina. Nilisikia ananishukuru kupitia fito za mlango.

Kesho yake tulihesabiwa. Kila balozi aliulizwa mbele ya watu wote kama kuna aliyebaki. Wa kwanza alisema wamebaki watu wanne, akaambiwa akae kando. Mimi nikasema hakuna. Sikukusudia. Nilitaka tu kuvuka ile saa moja, halafu niende kimyakimya kumchukua. Ndipo katibu akanitaja jina. Ndipo mtu akauliza, na Bi Mauwa je, nami nikasikia kinywa changu kinasema amekwenda Dar kwa Yustina.

Baada ya hapo ningemleta kutoka wapi?

Siku ya tatu nilitoroka nikaenda. Ni mwendo wa saa nne. Nilifika kwenye mkorosho wa mwisho, nyumba naiona, jua liko utosini. Ilikuwa saa saba mchana. Sikusikia kitu. Nilimwita, lakini kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeomba asijibiwe. Hakujibu. Niliona heri nisijue. Nikageuka.

Sijui kama alikuwa amekufa au amelala. Hilo ndilo ninaloishi nalo. Tangu siku ile wakati huo wa mchana siwezi kukaa ndani ya nyumba.

Fundo ni langu. Mama anajuaje, sijui.

Choma barua hii.

Albano


Temeke
29 Juni 1975

Kaka Albano,

Shikamoo. Namsalimu mtoto wako kwa jina alilotaka mama yake. Usitafute tena sababu.

Sikuichoma barua. Nilimsomea Mama, yote, polepole, hata pale pa sauti ndogo. Fransis aliniambia nisifanye hivyo, kwamba itamuua. Mie nimeona kwenye Alhamisi zangu kwamba wazee hawauawi na ukweli kwa haraka kama wanavyouawa na kufichwafichwa.

Hakulia. Aliniuliza swali moja, kama ulimwachia maji. Nikasema mtungi mzima. Akatikisa kichwa.

Nilikaa muda mrefu nikitafuta maneno ya kukutukana, maana unastahili, na nikayapata. Lakini sitayaandika. Kila wiki nakutana na mzee aliyefungwa na mtu anayempenda. Mzee Didas alifungwa na muuguzi aliyemwogopea kuanguka. Mama alilazwa kwa vidonge na mie mwenyewe, binti yake, kwa ushauri wako, na siku zile alizolala nilifurahi nyumba imetulia. Hatukuwauliza. Wewe ulikwenda mbali kuliko sie, ila njia ni moja.

Bwana Gaudens alikuja nyumbani Alhamisi baada ya kazi ya asubuhi. Sikumwalika. Alikaa mkekani na Mama, wakazungumza juu ya kilimo cha ufuta. Saa saba ikafika, Mama akainuka akagonga ukutani. Mgeni alipotoka nilimwuliza amesikia nini. Akasema, "Mapigo yako sawa, pumzi iko sawa," akavaa kofia yake. Lakini kituoni ile barua ya rufaa haiko tena juu ya meza. Ameniambia wazee wawe na siku mbili kwa wiki.

Mama bado hali, ila kijiko cha uji asubuhi. Amebaki mifupa na sauti. Anayokutuma ni haya, nami nayaandika naye ananisikiliza:

Uende wewe mwenyewe, usimtume mtu. Uende mchana. Usikate kamba kwa panga, lifungue fundo kwa vidole. Na kabla hujafungua umwite kwa jina lake, kwa sauti kamili safari hii, asije akashtuka.

Mlaze Kiislamu, kama alivyoishi tangu aolewe. Fakihi anajua kusoma.

Yustina


Mshikamano
3 Agosti 1975

Mdogo wangu Yustina,

Salamu za huku zipokee, na za mtoto, ambaye sasa tunamwita Mauwa bila kunong'ona. Telegramu yako ilifika Ijumaa baada ya sisi kurudi. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea: MAMA AMEKULA. HAKUNA ANAYEGONGA. TANGU JUMANNE SAA SABA. Nitakueleza Jumanne ile ilivyokuwa.

Baada ya barua yako nilikaa siku kumi na saba. Nilikuwa naogopa kwenda peke yangu, na sikuweza kumwomba Fakihi bila kumwambia. Mwisho nikaona nikimwambia mmoja nimewaambia wote. Jumapili, kwenye mkutano wa kijiji, walipouliza kama kuna mengineyo, nikasimama. Nilisema kama nilivyokuandikia, nikaacha hapo. Niliyategemea mawe.

Hakuna aliyeokota hata moja. Watu walitazama chini. Halafu Jamali, fundi baiskeli, alisimama. Alisema bibi yake hakwenda Lindi kwa mjomba kama alivyotuambia. Akakaa. Kisha akasimama Demetria, mwalimu wa watoto wadogo, akasema baba yake, Mzee Theonest, hakwenda Dar kama alivyosema.

Yustina, sisi tulikuwa tumepanga foleni moja siku ile ya kuhesabiwa, nikiwa mbele yao. Kila mmoja aliuamini uongo wa mwenzake kwa kuwa na yeye alikuwa na wake wa kuaminiwa.

Jumanne, tarehe ishirini na mbili Julai, tulikwenda, watu kama arobaini, na majembe. Nambunda imeshaanza kumezwa. Paa zimelala, njia imeota majani ya kufika kiunoni. Tulifika jua likiwa utosini. Watu wakasimama kwenye mikorosho wakaniacha niende.

Nilimwita. Nilimwita kwa sauti kamili, mara tatu, "Mama Mkubwa Mauwa, ni mimi Albano." Mvua zilikuwa zimelikaza fundo kama jiwe. Nilitumia vidole na meno. Damu ilinitoka kucha mbili. Mlango ulipoachia haukufunguka, maana kulikuwa na uzito kwa ndani.

Alikuwa nyuma ya mlango. Amekaa juu ya kinu kilicholazwa, amejiinamia, na mchi uko mapajani. Ni vilevile Mama alivyosema. Mtungi ulikuwa mkavu na umefunikwa vizuri.

Fakihi alimsomea, tukamvika sanda ya marekani, tukamlaza kando ya mume wake. Bibi yake Jamali naye tulimkuta, kitandani, amejifunika gubigubi. Tukamzika jirani na Mama Mkubwa.

Ubalozi nimeuvua. Nimeandikisha maelezo yangu kwa katibu na kuweka alama ya kidole, ingawa najua kusaini. Wilayani wamesema nisitoke kijijini mpaka niitwe, nami sitatoka. Mama akitaka kuniona itabidi asubiri, au anisamehe akiwa mbali, au asinisamehe. Mwambie nakubali lolote.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja. Nyumba ya Mzee Theonest tuliikuta wazi. Kamba ilikuwa imefunguliwa, si kukatwa wala kuliwa na mchwa, imekunjwa safi na kutundikwa kwenye kigingi cha nje. Ndani kitanda kimetandikwa, sakafu imefagiwa. Chungu kimeoshwa kikapinduliwa. Fimbo yake haipo. Tulitafuta siku mbili, mtoni, mashimoni, kwenye vichuguu. Hatukuona mfupa wala kitambaa. Mzee yule alikuwa hajasimama kwa miguu yake miaka miwili, na jicho moja halikuwa linaona. Majani mlangoni yalikuwa marefu, hayajakanyagwa na mtu wa kuingia wala wa kutoka. Watu wengine hawataki tena kupita upande ule. Demetria yeye anasema jambo moja tu, kwamba baba yake siku zote alikuwa akisema akipata miguu atakwenda kuiona bahari.

Ni mwanamume mrefu, mweusi wa kung'aa, ana kovu kwenye unyusi wa kushoto. Ukimwita jina anainamisha kichwa kwanza, ndipo anaitika. Katika wazee wako wanaokuja bila mtu wa kuwasindikiza, tunakuomba utazame.

Demetria amesimama hapa nyuma yangu ninapoandika. Anasema ukimwona usimwambie kwamba tunamtafuta. Mwulize kwanza kama anataka kuonekana.

Kaka yako,
Albano